Hana Mtani Hapa

Kosa langu la mwanzo nililifanya msibani, kwa sauti ya kusikika, mbele ya mjane. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa umri wangu hauniruhusu sana. Kosa halikungoja niote mvi, na nasaha yake haitangoja.

Nilikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa Mtendeni, Tabora. Shule niliishia njiani, mengine nikajifundisha mwenyewe, na aliyejifundisha mwenyewe huogopa kukosea kuliko aliyefundishwa. Barua ya mistari mitatu niliiandika mara tano. Nikawazungukia wazee kuwauliza mila za mazishi, nikaandika daftarini nani ni mtani wa nani: Mnyamwezi na Mzaramo, Mnyamwezi na Mgogo. Unajua kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha msibani. Huvaa kofia ya marehemu, huiga mwendo wake, hukalia majembe ya kuchimbia kaburi mpaka apewe kuku. Msiba usio na mtani ni msiba wa mpita njia.

Akafariki Mzee Nzeyimana, fundi baiskeli. Alikimbia Burundi akiwa kijana, akalima Ulyankulu na wakimbizi wenzake, kisha akahamia kwetu na kukaa miaka mingi. Mwanawe Yosia akaniuliza, "Katibu, mtani wa baba ni nani?"

Nikapekua daftari. "Warundi hawamo. Hana mtani hapa."

Nilikuwa sahihi. Mungu anisamehe, hata nilifurahi kuwa sahihi.

Mjane, Mama Espe, akajifunika khanga usoni. Yosia akainamisha kichwa. "Basi tutafute gari," akasema. "Tumrudishe Ulyankulu, akazikwe na watu wake."

Hapo akanyanyuka mkekani Bi Nyamizi, bibi auzaye asali ya Ipole mtaani kwetu.

"Wewe katibu. Utani wetu na watu wa pwani ulishushwa na malaika?"

"Hapana, bibi."

"Ulitoka wapi?"

"Njiani. Kwenye misafara."

"Walibeba mizigo pamoja, wakatukanana, wakazikana porini. Nani alimuuliza maiti kwao wapi? Huyu katuzibia pancha miaka yote hiyo, leo unamtafuta kwenye karatasi. Kaa chini."

Akaenda barazani, akatwaa pampu ya marehemu, akaibana kwapani kama mzee alivyozoea, akamfokea Yosia kwa sauti yake ile ile: "Tairi hili umepanda wewe au umepakia ng'ombe? Na Ulyankulu siendi. Nalala hapa hapa Tabora, na hakuna wa kugusa jembe mpaka nile kuku."

Mama Espe akafunua uso. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Yosia akaenda bandani kukamata jogoo, na habari ya gari haikutajwa tena. Tulimzika jioni ile, kwenye makaburi yetu.

Mwanangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ya msiba atakayekufikia kwanza ni wa ukuta wa pili, awe Mmanyema, Mwarabu, Mrundi au Msukuma aliyeshuka jana na mabegi yake. Akija mtu kukwambia fulani si wa hapa, muulize babu yake mwenyewe alitua mzigo wapi. Mji huu umejengwa na wapitaji waliokataa kuondoka. Mila walizitengeneza watu, na sisi ni watu. Ukitakiwa kuandika nani mwenyeji na nani mgeni, kataa. Wakikwambia hujui mila, waache waseme, wewe chimba.

Mungu akupe majirani wa lugha nyingi, akuzidishie umri, na siku yako ikifika, watu wagombee kukubeba.

Mimi ukatibu niliuacha. Zimehamia kwetu familia mbili kutoka Kongo, na msiba ulipowafika, niliingia kaburini nikalala, nikagoma kutoka. Niliigiza vibaya, nikasahau maneno, watu wakanizomea. Sikutoka mpaka nikapewa kuku.