Nesi wa Wenye Pumu

Nesi alikuwa amemdharau mkuu wa zahanati kwa miaka sita, na kila mwaka dharau hiyo ilizidi kunenepa. Mkuu mwenyewe alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, na kwa kila kifua kilicholia filimbi alikuwa na jibu moja: dawa ya kikohozi ya maji, vidonge, sindano, haya nenda, mwingine! Kipimo cha kusikilizia kifua kilimning'inia shingoni kama mkufu wa harusi. Kazi yake ilikuwa kumpamba tu.

Mwoka mikate wa mtaa wa nyuma alikuwa akija kila mwezi kwa miaka minne. Jitu zima, mpole, anakaa kwenye benchi mabega yakipanda na kushuka, unga ungali kwenye nyusi, anasubiri sindano. Siku moja nesi akamwita pembeni.

"Kaka, pampu ya pumu huna?"

"Ninazo mbili, dada. Hazina maana yoyote."

"Hebu nione unavyozitumia."

Mwoka mikate akaachama, akajipulizia dawa kwenye ulimi, akameza.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Kwani hii nayo hufundishwa?"

Miaka minne mtu anameza dawa ya mapafu, na hakuna aliyejisumbua kumwuliza! Nesi akachukua chupa tupu ya maji, akaitoboa kitakoni kwa kisu cha moto, akachomeka pampu ili dawa ifike kifuani badala ya kuishia ulimini.

"Tikisa. Toa pumzi yote. Bana midomo kwenye chupa. Bonyeza mara moja, vuta taratibu, kisha zuia hadi kumi. Hii ya kahawia ni ya kila siku, hata ukijiona mzima, na ukimaliza sukutua. Ya bluu ni ya kukuokoa ukibanwa. Na unapochekecha unga, jifunge kitambaa puani."

Mkuu akapita, akaiona chupa, akaangua kicheko. "Nesi, siku hizi tunatibu watu kwa takataka?"

Nesi akaendelea kumhesabia mwoka mikate hadi kumi. Kumjibu kungekuwa kumheshimu.

Miezi mitatu baadaye, nesi akiwa ameshawafundisha wengine tisa, alikuja mkaguzi, mama mfupi mwenye miwani, akauliza imekuwaje wagonjwa wa pumu kumi hawachomwi tena sindano.

"Ni utaratibu niliobuni mwenyewe," mkuu akasema, kifua mbele.

"Hongera, daktari. Hebu tuonyeshe." Akampa pampu.

Mkuu akaigeuzageuza, akaitia mdomoni kifuniko chake kikiwa kimefungwa vilevile, akabonyeza kwa madaha, akazuia pumzi. Mfagizi akageukia ukuta huku mabega yakimtikisika.

"Kifuniko, daktari," mkaguzi akasema.

Hakufukuzwa, watu wa namna ile hawafukuzwi. Ila mkaguzi aliagiza kila mwenye pumu aanzie kwa nesi, na mkuu ahudhurie mafunzo yake kila Jumatano, pamoja na wagonjwa.

Jumatano ya kwanza akaja, akabanwa kwenye benchi kati ya bibi kizee na fundi rangi. Nesi alidhani angefurahi. Wapi! Alimwona mdogo mno hata kumfurahia.

"Toa pumzi yote, mheshimiwa."

Mkuu akatoa, akavuta, akakosea, akajichekesha. "Kumbe si rahisi, eh?"

"Bibi huyu aliweza mara ya kwanza," nesi akasema, akamgeukia fundi rangi.