Kijiko cha Mafuta ya Papa

Kefule! Juzi kidonge cha mafuta ya samaki kilinipasukia mkononi, na harufu yake ikanirudisha chumbani kwa bibi yangu, kijijini Mahurunga, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilitema mate hapo hapo, mtu mzima na mvi zangu.

Babu alikuwa amefariki, na bibi akawa anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Shangazi Somoe, dada yake baba, alikuwa mkali kuliko dini yenyewe. Aliziba dirisha kwa gunia ili hata jua lisimwone mjane. Chumba kikanuka jasho, ubani na kopo la mkojo. Mwezi wa pili bibi akaanza kushika ukuta kila akiinuka, akilalamikia nyonga.

Mganga wa zahanati aliitwa. Akasema mifupa imekosa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, na ngozi ya mzee ni mvivu, huhitaji jua zaidi.

"Mtoeni uani asubuhi, mikono wazi."

"Mjane aanikwe kama makopa ya muhogo?" Shangazi alimaka. "Mwiko!"

Basi, akasema mganga, walau mafuta ya ini la papa, kijiko kila asubuhi.

Kazi hiyo nikapewa mimi, msichana wa miaka minane. Jamani, mafuta yale! Ndiyo yale yale wavuvi waliyopaka mashua zao. Mazito, rangi ya usaha, yananuka ini lililosahauliwa juani. Yalining'ang'ania vidoleni hata ugali ukawa na ladha ya papa aliyeoza. Sabuni ilikuwa haionekani dukani, nikasugua kwa majivu. Wapi!

Bibi alikitazama kijiko, akanitania kama kawaida yake: "Mke mwenzangu, mume tumefiwa naye sote. Anza wewe."

Nikaonja. Nikatapika, kanga yangu yote ikaharibika. Bibi alicheka mpaka akapaliwa, na tangu siku hiyo nikawa nakimwaga kijiko kwenye shimo la panya nyuma ya kitanda.

"Amekunywa?" Shangazi aliuliza kila asubuhi.

"Amekunywa."

Bibi alinikonyeza, nami nikajiona mjanja kweli.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa uani. Bibi alikogeshwa, akavishwa kanga mpya. Alipofika kizingitini miguu ikamkataa. Akaanguka mbele ya watu wote, mkojo ukamtoka, kanga mpya ikalowa. Vigelegele vikakatika.

"Na mafuta anakunywa kila siku!" Shangazi alilia, akimlaani mganga.

Bibi alinitazama mimi, kisha akamwambia Shangazi, "Uzee tu, mwanangu." Hakutembea tena bila kushikwa mkono.

Nilikuwa mkubwa niliposikia shehe akieleza kwamba mjane hakukatazwa jua la uani kwake. Nikamchukia Shangazi miaka mingi, maana ilikuwa rahisi kuliko kujichukia mwenyewe. Sijui kama mafuta yale yangemsimamisha bibi. Ninachojua ni kwamba hakuyapata, na kwamba alianguka akiificha siri yangu. Nikikumbuka nilivyojiona mjanja, najitapikia.

Sasa daktari ameniambia vitamini D yangu mimi imeshuka. Eti kidonge nikimeze kizima kwa maji, hata ladha sitaisikia.

Mimi nakitafuna.