Binti yangu anataka kwenda kusoma penye mimi mwenyewe niliogopa kutembea mchana

Admin, ficha jina langu kabisa, maana sisi watu wa mji wa Baraka tunatambuana hata kwa kikohozi. Mimi ni baba wa miaka arobaini na nane, Muislamu, mwenye boti ya mashine inayobeba samaki na abiria kutoka hapa mpaka bandari ya Kazimia na mbele zaidi. Dhoruba za ziwa nimezizoea tangu ujana. Leo ninaogopa njia moja tu ya vumbi, katika mji ambao sitautaja.

Binti yangu wa kwanza, nimuite Zaina, ana miaka kumi na tisa. Amepata diploma yake ya serikali ya kumaliza sekondari na anataka kuwa mkunga. Haongei kingine. Shangazi yake, dada yangu mimi, alifia njiani akiwa na uchungu wa kuzaa, akibebwa kwa tipoyi, machela ya miti, kutoka upande wa Kilembwe, na Zaina alikuwa pale akimshika mkono. Masomo hayo yako kwenye shule moja ya mjini yenye kampasi mbili. Ile ya mlimani iko mahali patulivu, lakini kule wanafundisha biashara tu. Ukunga unafundishwa kwenye kampasi ya chini, karibu na hospitali, katika mtaa ambao watu wengi walinionya juu yake.

Nikasema sitaamua kwa maneno ya watu. Nikaenda mwenyewe kuona.

Shuleni nilipokelewa vizuri. Wasichana waliovaa makoti meupe walikuwa wanacheka chini ya veranda, na moyo wangu ukatulia. Nikaandikisha jina la binti yangu na namba yangu ya simu, kisha nikamuuliza sekretere, "Na usalama iko namna gani?" Akajibu, "Papa, ndani ya ukuta hatuna shida." Nikangoja aseme habari za nje ya ukuta. Akarudi kwenye kazi yake.

Nikatoka kutafuta chumba cha kupanga. Jua lilikuwa bado kali, lakini mama anayeuza mikate mbele ya geti alikuwa anakusanya vitu vyake. Nikamuuliza mbona anafunga mapema.

"Mi nafunga saa batoto ya shule banatoka," akasema. "Bakipita, na mi napita nabo. Peke yangu sitembei hapa."

"Kuko nini, mama?"

Akageuka nyuma kwanza. "Uko na binti, papa? Mupeleke kule juu." Akaweka beseni kichwani, akaondoka haraka.

Nyumba niliyoelekezwa haikuwa mbali. Mwenye nyumba, mzee mpole, akanionyesha chumba cha mwisho. Mlango ulikuwa umepasuka kwenye kufuli na kupigiliwa mbao mpya. Ndani, kwenye msumari, lilining'inia koti jeupe la mwanafunzi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya ule alikuwa anapanga hapa zamani kidogo. Alirudia kwabo."

Nilipokuwa natoka uani, msichana aliyekuwa anafua akanifuata kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye maji ya sabuni. "Papa, ule hakurudia kwabo. Bazazi yake banakuya kila mara kumutafuta hapa."

Nikatoka haraka. Kwenye kona walikuwa vijana watatu juu ya pikipiki, hawana abiria, hawatafuti abiria. Nikasalimia, nikapita. Mmoja akasema taratibu, kama mtu anayenijua, "Mzee, binti yako atakuya lini?"

Jamani, habari ya binti yangu nilikuwa nimewaambia sekretere na mwenye nyumba tu, na yule mama wa mikate alikisia mwenyewe. Nikaongeza hatua. Sikulala katika mji ule.

Nyumbani nikawaeleza yote, Zaina pamoja na bibi yangu, mama yake. Nilidhani mtoto ataogopa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba, na hapa kuko salama? Risasi zikilia, si tunakimbia wote mpaka kwenye maji? Na barabara ya Lulimba, penye wanavizia watu, unaweza kunituma peke yangu?"

Akaendelea:

"Basi kama ni kuogopa, mi nitaogopa fasi yote, hapa na kule. Afadhali niogope nikiwa ninasoma."

Nikamwambia aende mlimani asome biashara. Akalia, akasema, "Bamama banakufa juu ya kukosa biashara?" Mama yake naye amegawanyika. Asubuhi ananiambia tusimpeleke, jioni ananiambia, "Ukimuzuia, ataolewa hapa, na moyo wake utabakia umekufa." Kuna ndugu mjini angeweza kumpokea, lakini anaishi mbali, na kutoka kwake kufika shuleni lazima upite kona ile ile.

Sasa jambo linaloninyima usingizi, ambalo hata bibi yangu hajalijua. Juzi simu yangu ililia, namba ngeni. Sauti ya kijana, yenye heshima kabisa: "Mzee, ile chumba iko tayari. Mwambie Zaina asikawie."

Namba yangu ya simu sikumpa mwenye nyumba. Jina la mtoto sikulitaja kwa mtu yeyote mtaani. Jina na namba niliviacha shuleni tu, nilipoandikisha.

Nilizima simu, nikabaki nimekaa kwenye mchanga. Nikienda kulalamika shuleni, ninalalamika kwa nani, kama mmoja wao ndiye anayetoa majina? Nikimwambia Zaina, ninamjua, atasema baba ametunga ili kumzuia.

Masomo yanaanza karibuni. Vitu vyake vimeshafungwa, na anataka nimpeleke mimi mwenyewe kwa boti yangu. Asubuhi ya leo ameniuliza tunaondoka siku gani. Nimemwambia mashine imeharibika. Mashine ni nzima. Sasa hivi ninavyoandika, yuko pwani anatafuta fundi wa kuitengeneza.

Wazazi wenzangu, na ninyi mabinti mliosoma mbali na kwenu, nisaidieni mawazo. Nimuvunjie ndoto yake na anichukie, ama nimpeleke kwa mikono yangu? Mimi baba nifanye nini?