Bi Nunu, Mchemsha Maji wa Temeke

Jua halijapanda vizuri Temeke, na Bi Nunu binti Matar ameshagombana na moto. Kuni za leo zina unyevu. Anapuliza, anakohoa, anazisema kuni kama anavyowasema mawifi zake. "Hutoki hapo mpaka utokote," analiambia debe la maji juu ya mafiga.

Ndiyo kazi yake mwaka huu wa 1953. Wenziwe mtaani huuza maji ya kisima. Yeye huuza yaliyochemshwa, ya kunywa watoto. Yakishatokota huyamimina kwenye mtungi aliousugua na kuufukiza ubani, na wateja wengi huyachukua kabla hayajapoa sawasawa.

Ubani ni ujanja wake. Mwanzoni watu waligoma, wakidai maji ya kuchemsha yamepooza, hayana ladha. "Nikasema haya, nitayanukisha kama bibi harusi," anasimulia akicheka. "Sasa hata wanaume wanakuja kudoea."

Kuchemsha alifundishwa na mkunga wa zahanati, baada ya kuzika mwanawe wa pili kwa kuhara. Hapo hacheki. "Niliambiwa ni kijicho cha watu. Kumbe ni maji. Iliniuma, na bado inaniuma."

Mwezi uliopita kazi hiyo nusura imtokee puani. Demetria, mke wa karani, mgeni kutoka Bukoba, alikuwa hakosi kununua maji kwake. Hata hivyo mtoto wake mchanga, Gaudens, aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba Bi Nunu anafukiza tu maji ya kisima. Wateja wakapungua.

"Na waseme watakavyo," anasema. "Mie nilimwogopea yule mtoto."

Akajitanda kanga, akaenda. Demetria alikuwa amempakata Gaudens, ndiyo kwanza wametoka zahanati, mtoto amelegea.

"Shikamoo, Bi Nunu," alisema bila kumtazama.

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji ya kunywa."

Demetria akachota kata ya maji ya ubani. Akaona yana uvuguvugu, akaona haya kumpa mgeni maji kama hayo. Basi akayazimua kwa maji baridi ya kisima kutoka mtungi wa pembeni.

Bi Nunu akaishika kata, hakunywa. "Na Gaudens unampa hivihivi?"

"Ndiyo, Bi. Ya vuguvugu anayakataa. Nampozea."

"Nilitaka kulia, nikataka kumzaba kofi, nikaishia kumkumbatia," anakumbuka Bi Nunu. "Naye akalia mpaka kanga yangu ikalowa. Nikamwambia hukujua, leo umejua."

Siku hiyohiyo walimwaga yote. Tangu hapo maji ya Gaudens hupoa yenyewe, mtungi umefunikwa na kuzungushiwa kitambaa kibichi. Kuhara kumekatika, na sasa anatambaa akiwakimbiza kuku wa jirani.

Wateja wamerudi, lakini Bi Nunu hamuuzii mtu mpaka akaukague mtungi wake, na akiona mwenye nyumba ana kuni, humfundisha kuchemsha mwenyewe. Juzi Demetria alimuaga: hanunui tena, anachemsha kwake.

"Nilifurahi kuliko siku niliyopata mteja wa kwanza," anasema.

Je, Temeke nzima ikijichemshia, atakula nini?

"Nitapika vitumbua," anajibu, akichochea kuni. "Tena sitakosa wanunuzi. Watakuja haohao watoto, wakubwa, wazima, na njaa zao."