Mibaazi Niliyoing'oa Kisauni

Ile asubuhi niliyoanza kung'oa mibaazi ya bibi yangu naikumbuka mpaka harufu ya udongo wake, mwanangu, na leo naiandika kwa mkono uliochoka kwa sababu nimesikia umeagiza trekta lije Jumamosi kuing'oa yako.

Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimeposwa. Bibi, Mwanaisha binti Bakari, akipika na kuuza mbaazi za nazi na mahamri hapa hapa mlangoni kwetu Kibokoni, na mbaazi zenyewe zikitoka shamba lile lile la Kisauni nililokuachia wewe. Mwaka ule mguu ulimvimba, akanituma mimi.

"Mavuno yamekwisha. Kata kila mti usawa wa goti, uache kisiki. Mvua ikija kitachipua chenyewe."

Nilipofika niliona visiki vitakaa vibaya. Nilikuwa na kiburi cha usafi. Nilitaka shamba liwe kama ua uliofagiwa. Siku nne nikang'oa, mikono ikatoka malengelenge, nikachoma yote, nikapanda mahindi. Nyumbani nikasema nimemaliza. Bibi, maskini, hakuuliza zaidi.

Masika yakaja kwa kishindo. Mizizi iliyokuwa imeushika mteremko haipo, udongo ukateremka wote kwa jirani yetu Athmani Kombo. Kisha jua. Mahindi yakafika kifuani, yakakauka. Msimu wa mbaazi ulipowadia, bibi akaenda shambani akichechemea. Aliporudi alijilaza akaelekea ukutani.

Hakunipiga. Kesho yake aliweka kiti barazani. "Kaa hapo. Kila ajaye na bakuli, mjibu mwenyewe."

Wakaja. Bi Fatuma Shee, wa nyumba ya pili: "Mbona sufuria halichemki leo, kwani kuna matanga?" Nikamweleza. Akacheka, "Haya bibi harusi, mumeo utampikia majivu!" Akaja Kassim Juma, kuli wa bandarini Kilindini, aliyekula kwetu kila asubuhi kabla ya zamu, akaligeuza bakuli lake juu chini, akaenda kubeba magunia na njaa yake. Wa mwisho alikuwa Wambua, Mkamba wa reli.

"Umeng'oa? Kwetu mti huu hata mtoto hang'oi. Ungezaa tena mwakani, na mwaka wa pili. Wewe, dada, umemchinja ng'ombe kwa kuwa umeshamkamua asubuhi."

Bibi aliyasikia yote kutoka ndani. Mimi nilipanda mibaazi mipya mwaka uliofuata, lakini yeye hakupika tena. Alifariki kabla haijatoa maua.

Nimechoka, mwanangu. Nimeona watu wakilima upya kila mwaka, wakinunua mbegu upya, na ardhi ikizidi kuwa nyepesi kama jivu. Dadako Zuhura, aliyesomea kilimo, ameniambia ati wataalamu wanatafuta mpunga na ngano za kupandwa mara moja, zivunwe miaka kadhaa. Mimi nilitolewa shule darasa la pili. Nilimsikiliza, nikajisemea, basi wanaelekea huko huko alikokuwa bibi. Hizo nafaka zao sijui kama nitazila. Mibaazi yako lakini ipo, imesimama, na mbegu yake ni ya ile niliyoipanda nikilia.

Basi shika haya. Mwambie mwenye trekta asije. Kata usawa wa goti, mahindi yako uyapande katikati ya mistari. Penye mti uliokufa, hapo ndipo utie mbegu mpya. Na kitu chochote kikikuudhi macho, kabla hujakiondoa, uliza kwanza kimeshika nini huko chini.

Mungu akubariki mikono, akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, na mvua ikukute umeacha visiki. Ukivuna na usinikute, weka kiti barazani ukae. Kila ajaye na bakuli, mjazie.