Daraja ya Bageni

Prezida wa klabu alipanda juu ya meza, akainua yai moja, akatangaza mchezo wa Jumamosi hiyo. Kila kundi litafute namna ya kulifunga yai, kwa majani ya ndizi, kwa matambara, kwa mipira ya baiskeli, kwa chochote. Kisha yai litaangushwa kutoka juu ya mabati ya sali yetu ya mikutano. Kundi ambalo yai lake halipasuki limeshinda.

"Muwaze muzuri," akasema. "Yayi ni kitu ya kulinda!"

Watu wakapiga makofi. Binti yangu alikuwa ameegemea mguu wangu, mkono wake ndani ya plasta. Ana miaka sita. Nyuma ya prezida, ukutani, lilisimama daraja letu, limefungwa kwa mnyororo na kufuli, na utepe mwekundu juu yake.

Hapo nilichoka. Nilienda hadi mezani, nikamnyang'anya lile yai, nikalipiga kwenye sementi.

"Na huyu?" nikamwonyesha mtoto. "Nani aliwaza namna ya kumulinda?"

Kisha mama mmoja mzee akasema kule nyuma, "Aka, mama! Si ungemupatia mutoto akule?"

Wakacheka wote. Mbwa alikuwa ameshaanza kulamba.

Nisiseme uongo, klabu hii niliipenda. Nilifika hapa Bulengera nikikimbia risasi za upande wa Mangina, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, simjui mtu. Baba yake alibaki kulinda shamba la kakao, na mpaka leo hakuna anayeniambia kitu juu yake. Jumamosi, salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mtaa, ikiisha na majembe yakiwekwa chini, avenyu yetu iligawanyika, watu wa juu na watu wa chini, tukashindana kutengeneza kitu kwa vile vilivyopo. Mnara wa matete. Chukudu, ile baiskeli ya kusukumia mizigo, la mbao tupu, bila msumari. Walioshindwa walipika maharage, tukala wote. Hakuna aliyeniuliza wewe ni wa wapi. Nilimaliza sekondari, najua kwamba miti mitatu ikifungwa pembetatu haipindi, basi watu wa chini wakaanza kuniita Mama Enjenyeri. Nilikuwa nacheka siku hizo. Nacheka mpaka mbavu zinauma.

Halafu komite ya klabu ikatupatia mchezo wa daraja.

Watu wa juu walitengeneza la kwao zuri, limepinda kama upinde, limepakwa rangi. Sisi tulichukua mikaritusi, tukaikaza kwa mianzi na vipande vya mipira ya gari, pembetatu kila mahali, baya kulitazama. Mtihani ulikuwa kupitisha chukudu lenye gunia la makala, yale makaa ya kupikia. Bwana mmoja wa juu akaingia kwenye daraja lao na chukudu lake, likalia kwaa, akaenda chini kwenye matope pamoja na makala.

"Daraja yenu iko kama bugali ya maji!" tukampigia kelele.

"Mungoje!" akajibu kutoka matopeni, meno tu ndiyo yanaonekana. "Mungoje, batu ba chini, yenu nayo!"

La kwetu halikutikisika. Jioni ile ile tukaliweka juu ya korongo lililo kati ya nyumba zetu na shule. Zamani watoto walipita hapo juu ya gogo la kuteleza. Siku ile tulilipasua lile gogo, likapikiwa maharage ya ushindi. Nani angelihitaji tena?

Watoto walipita wakiimba. Halafu prezida akapata habari kwamba wageni watatoka Beni kuja kutazama kazi za klabu, pengine watasaidia. Kwetu kitu kizuri ni cha wageni. Nyumbani kwa mama yangu kulikuwa na gilasi kabatini ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezinywea maji. Tulikunywa kwenye plastiki, gilasi zikatutazama. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa komite iliposema daraja linachafuka, watoto wanalikanyaga na matope, litolewe, lioshwe, litunzwe. Likabebwa mabegani kwa nyimbo hadi kwenye sali.

Wageni wako Beni. Siku zote wako Beni. Mara barabara imeharibika kwa mvua, mara kuna risasi. "Barabara ikitulia, bako hapa," wanasema. Barabara gani hiyo itatulia? Mimi niliitembea kwa miguu.

Nilimfuata prezida kwake, kwa heshima.

"Papa Prezida, batoto banapita mu maji."

"Mama, kuwa na patience. Bageni bakikuta daraja iko na matope, batasema sisi ni batu ya namna gani?"

"Batasema ni batu banapita ku daraja."

"Aah! Weye mama uko na mudomo!"

Akacheka, akafunga mlango. Mvua ikaja. Binti yangu aliteleza kwenye mawe, maji yakamvuta, wanawake waliokuwa wanafua wakamkamata kwa kola ya yunifomu. Juu ya pikipiki, tukienda kwa daktari, hakulia. Aliniuliza kama mfuko wake wa shule umepotea. Ulikuwa umepotea.

Na wiki iliyofuata, yai.

Prezida alishuka mezani, akajipangusa suruali, akaniambia mbele ya wote, "Kama uko na plainte, andika. Bureau iko."

Nikaandika. Jumatatu nikapeleka kwenye biro ya kartie, ofisi ya mtaa wetu. Sekretere wa pale ni yule yule bwana wa chukudu.

"Ee, Mama Enjenyeri! Unashitaki nani?"

"Klabu."

"Klabu ni miye. Ni weye. Ni avenyu muzima."

"Basi nashitaki avenyu."

Akasoma, kicheko kikamwisha. "Mama, lakini nikigonga kashe hapa, shefu atasoma bageni bakisha kupita. Si mbele."

"Gonga."

Akagonga muhuri. Nilichoandika ni hiki:

Kwa Shefu wa Kartie. Mimi, mama wa mtoto aliyevunjika mkono kwenye korongo la shule, nashitaki klabu yetu, nami nikiwa ndani yake. Daraja tulilotengeneza lilibeba chukudu na gunia la makala. Tangu lifungwe kwa kufuli halijabeba mtu. Gogo la zamani tulipikia maharage, kwa hiyo hatuna pa kurudia. Naomba kufuli lifunguliwe leo, na watu wa juu na wa chini walirudishe daraja mahali pake. Wageni wakifika walione palepale, na matope yake. Ikiwa haiwezekani, naomba biro iniandikie kwamba imekataa, ili mtoto akiniuliza nimsomee. Leo asubuhi amepita tena kwenye mawe, ameinua plasta juu ili isilowe.