Mstari Aliousahau Mdogo Wangu

Mdogo wangu alifagia zahanati miaka tisa. Kompyuta alijifunzia kwenye mashine kuukuu aliyopewa na mkunga, kioo kimepasuka, mwenyewe hoi kwa uchovu. Akaandika programu ya kupanga tarehe za chanjo za watoto. Muuguzi mkuu akamtoa kwenye ufagio, akamkalisha mezani kwa majaribio: ikileta balaa, anarudi kwenye ndoo.

Mwaka haujaisha, Alhamisi moja akaambiwa marudio ya chanjo yasiwe tena baada ya siku thelathini, yawe arobaini na tano. Kazi ya dakika mbili, nikadhani. Wapi! Alikuja nayo nyumbani, akakaa pembeni ya cherehani yangu, akaduwaa.

"Dada, hivi hii niliandika mimi kweli?"

"Nani mwingine, shetani?"

Ndani ya programu kila kitu alikiita a, b, z. Mimi fundi tu, shule sikufika mbali, lakini hata kola nikiikata naandika kwa chaki ni ya nani. Yeye hakuandika maelezo hata neno moja. "Nilijua nitakumbuka," akasema. Haya, kumbuka sasa!

Akaweka arobaini na tano, akajaribu kwa tarehe ya siku ile. Ikaleta arobaini na sita. Akaisaka hiyo moja ya ziada mpaka macho yakawa mekundu. Mwisho akauona mstari: kama z ni sita, ongeza moja. Z ni nini, sita ya nini, hajui.

"Si uufute?" nikamwambia. Nilishachoka kumsikia akihema. Akaufuta. Hesabu ikakaa sawa, tukala.

Mjukuu wangu alichanjwa Alhamisi iliyofuata. Siku ya marudio nikambeba hadi zahanati. Geti lina kufuli. Akina mama kama ishirini wamekaa chini, watoto wanalia, wote walichanjwa Alhamisi ileile. Ilikuwa Jumapili, na mimi mtu mzima nilitazama tarehe tu.

Nikampigia mdogo wangu simu. Akasema, "Z ni siku ya wiki, dada, na zinahesabiwa kuanzia sifuri. Jumatatu ni sifuri. Sita ni Jumapili; ule mstari ulikuwa unasogeza marudio hadi Jumatatu." Hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Alikuja na kandambili miguuni, akamwomba radhi kila mama. Mmoja akamsonya. Nilitaka kusema mimi ndiye niliyemwambia afute. Badala yake nikamfunga mjukuu mgongoni.

Jumatatu asubuhi nilimkuta anapiga pasi sare yake ya usafi. Hakuna aliyekuwa amemwagiza.